Pipa Lililotusomesha

Ada yangu ya shule ilitoka kwenye pipa la pombe. Shangazi alikuwa na kilabu Nyakato, Mwanza, jirani na barabara ya Musoma, na alichouza alikipika mwenyewe na binti zake. Sijawahi kulionea hilo aibu.

Kupika kulichukua siku nyingi. Ulezi uliloweshwa, ukafunikwa kwa magunia hadi uote, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea. Unga wa mtama ulipikwa uji mzito, ukapoa, ndipo kimea kikatiwa. Shangazi alijua kwa kunusa kama pombe imeiva. Akisema bado, hakuna aliyeonja, hata awe balozi wa nyumba kumi.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya neema kwake. Baada ya Vita vya Kagera bia ya chupa iliadimika, na ilipopatikana ilipitia kwa wanaojuana. Watu wa viwandani wakitoka zamu walijaa kwenye mabenchi yake, wakichangiana misiba na kuulizana vyumba vya kupanga. Mgeni kutoka Magu au Kwimba alianzia hapo kutafuta kibarua. Walevi walikuwepo pia, na wake waliowafuata waume zao usiku. Shangazi aliwarudishia wake hao hela ya waume zao iliyobaki bila ubishi.

Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya kampuni ya bia ya TBL kwa wawekezaji wa Afrika Kusini, na muda si mrefu kreti zikajaa kila baa. Vijana wakaona kopo la pombe ya kienyeji ni la wazee. Vikafuata viroba, vifuko vya pombe kali ya bei chee, visivyohitaji benchi wala mazungumzo. Vilipopigwa marufuku Machi 2017, kilabu kilikuwa kimeshafungwa. Kuni zilikuwa ghali, na pa kuanikia ulezi pamejengwa vyumba. Zaidi ya yote, binti waliosomeshwa na pombe ile walikuwa na kazi zao, na hakuna aliyerudi kukoroga. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa, na shangazi mwenyewe aliitaka iwe hivyo.

Lakini wanawake wanaopika bado wapo, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inawataka wauze kwa leseni. Halmashauri zikichukua ada ya leseni hiyo, ziwape pia maji safi na mafunzo ya usalama wa kinywaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, inawafundisha wasindikaji wa vyakula. Iwafundishe na hawa.