Kicheko cha Herufi Nne

Chukueni herufi nne za Kizungu: o, u, g, h. Zitieni mwishoni mwa neno kisha msome. "Though" ni dho. "Through" ni thru. "Tough" ni taf, "cough" ni kof, na "bough", yaani tawi la mti, ni bau. Jamani! Herufi ni zile zile, ila kila neno lina wimbo wake.

Muhula uliopita, msichana ninayeketi naye dawati moja alisimama kusoma kifungu kwa sauti. Alipofika kwenye "bough" akasema baf. Darasa zima likaangua kicheko, ati Kizungu kimempiga chenga. Tangu siku hiyo hainui mkono, hata jibu akiwa analijua. Mimi nasema alionewa. Ikiwa "tough" ni taf, baf ina kosa gani?

Kisa chenyewe ni cha kale. Zamani hiyo gh ilitamkwa kwa kukwaruza koo, kama kh yetu ya "sabalkheri". William Caxton alipoleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka wa 1476, tahajia ikaanza kuganda kwa wino. Sauti nayo ikaenda zake: huku ikageuka f, kule ikapotea kabisa. Herufi zikabaki zimekaa tu, kama viatu vya marehemu mlangoni. Waskoti wangali nayo. Ziwa kwao ni "loch", na mwisho wake ni kh hasa.

Sisi hatukufanya hivyo. Vitabu vya kale vya Kiswahili vina "khabari" na "khatari". Ulimi ulipoilegeza kh, kalamu ikaufuata, basi leo twaandika habari na hatari.

Hata Waingereza wenyewe huchoka. "Hough", kiungo cha mguu wa nyuma wa ng'ombe, hutamkwa hok, na siku hizi huandikwa "hock". "Hiccough", yaani kwikwi, ni hikap. Wengi sasa huandika "hiccup". Lakini bingwa wao ni "slough". Likiwa na maana ya kinamasi, Mwingereza husema slau. Likiwa gamba alilojivua nyoka, husema slaf.

Juzi nilimwandikia mwenzangu neno hilo kwenye karatasi, na matamshi yake yote mawili. Alilitazama kwa muda, kisha akaniambia nimpelekee kwanza yule aliyecheka kuliko wote, bila matamshi.