Hiyo Namba Kwa Mabano Si Urembo

Wasee, kila muhula hapa Nyeri nasikia ushauri ule ule: "Ukipitisha arei ya pande mbili kwa fankisheni ya C, mabano ya kwanza wacha wazi, ya pili weka namba. Usiulize, kariri tu." Mimi nasema uliza. Kukariri ndiko kunafanya C ikae uchawi.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kiwanda cha kahawa kina wakulima 40, kila mmoja amepimiwa kilo kwa siku 6:

int kilo[40][6];

Wewe unaona jedwali. Kwa memori hakuna jedwali, kuna foleni moja ya namba 240: zote za mkulima wa kwanza, kisha za wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Na ukiita fankisheni, C haibebi foleni yote. Inapeleka anwani ya pale inapoanzia, basi.

int jumla(int kilo[][6], int wakulima);

Sasa fankisheni itampata aje mkulima wa pili? Lazima iruke namba 6. Hiyo 6 ndiyo hatua yake. 40 inasaidia tu kujua pa kukomea, ndiyo maana tunaipitisha kando.

Wengine hukimbilia int **. Hiyo ni pointa ya kwenda kwa pointa zingine, na arei yetu haina pointa hata moja ndani, ni kilo tupu. Kama idadi ya siku inabadilika, tangu C99 unaweza kuandika (int n, int m, int kilo[n][m]), mradi m itangulie.

Mbona nakazana hivi? Shosh wangu huuza kahawa, na kila risiti ya mzani anaitunza. Sasa fikiria mtu ameandika programu ya malipo kwa int * tupu, akaruka 7 badala ya 6. Kompaila itanyamaza. Mkulima wa pili ataanza kusomwa kutoka siku yake ya pili, na mwishoni atapewa kilo za jirani. Wale wa mwisho kabisa watasomewa takataka zilizo nje ya arei. Kompyuta haitalia. Atakayelia ni shosh wa mtu.

Kwa hivyo kabla ya mtihani, chora hiyo foleni kwa karatasi, uhesabu hatua kwa kidole. Ukishaiona, hakuna cha kukariri.