Wali uliungua, mi sina habari

Najua nimepotea humu wiki tatu, testi ziliniandama. Halafu Jumatano usiku rumeti kaingia chumbani anapiga kelele, "We! Husikii wali unaungua?" Nimekaa hatua mbili toka kwenye jiko, nasoma, sisikii harufu yoyote. Hapohapo nikajua. Vinyama vya pua vimerudi.

Mnaonijua toka mwaka wa kwanza mnakumbuka nilipopasuliwa ile likizo. Mama alikopa kwenye kikoba, na mkopo kaumaliza juzijuzi tu. Sasa namwambiaje?

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba wiki hiyohiyo kipindi cha patholojia kilikuwa cha kifo cha seli. Kumbe seli zimewekewa utaratibu wa kufa. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie wakauita apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini. Seli inasinyaa, inajigawa vipande, jirani zinavimeza, basi. Msiba usio na kelele.

Ndani ya vinyama vya watu wengi (sio wote) kumejaa eosinofili, zile chembe nyeupe za damu za mambo ya aleji na minyoo. Kwa kawaida zikishaingia kwenye tishu hazikai sana, zinakufa. Ila humo kuna interleukini-5, na hiyo ndiyo inayozizuia kufa. Mwaka 1997 watafiti walichukua eosinofili za vinyama, wakaizuia interleukini-5 maabara, zikaanza kufa. Zisipokufa zinarundikana na kumwaga sumu zake, nyama laini ya pua inavimba, inajaa maji, inaning'inia kama zabibu iliyomenywa. Mi yangu niliiona kwenye skrini ya daktari, sitamani tena.

Sasa ile dawa ya steroidi ya kupuliza, moja ya kazi zake ni kuzifanya hizo chembe zife. Na mi niliiacha baada ya miezi minne! Pua ilikuwa safi, chupa inakula bumu, nikajiona nimepona. Upasuaji ulitoa kinyama, ule ujumbe wa "msife" ukabaki palepale. Kweli, hata wanaopuliza kila siku vinaweza kuwarudia, lakini hicho kisingizio mi sina. Marekani mwaka 2021 walipitisha mepolizumabu, sindano inayoizuia hiyo interleukini-5, kwa ajili ya vinyama. Bei yake msiniulize.

Jumapili nikapiga simu. Shikamoo, marahaba, nikajikaza nikasema. Mama akaja juu, "Aliyekupasua hakumaliza kazi!" Nilitamani sana kunyamaza hapo. Nikamwambia hapana mama, alimaliza, mimi ndiye niliyeacha dawa.

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Hiyo chupa shilingi ngapi?"