Lance Spearman na Wenzake Wasiotajwa

Mtoto wa Tanga wa mwishoni mwa miaka ya 1960 ambaye hakumjua Lance Spearman, mpelelezi wa gazeti la hadithi za picha, basi alikuwa na wazazi wakali kupita kiasi. Sisi tulimwita Spear tu, kama jirani. Tuliijua kofia yake ya panama, tai yake ya kipepeo, biri yake nene na gari lake la Stingray. Tulimjua Sonia, msaidizi wake, na Kapteni Victor wa polisi, na yule kijana Lemmy ambaye kila mmoja wetu alijiona ndiye. Adui tuliyemchukia kuliko wote alikuwa Rabon Zollo. Stelingi hafi, hilo tulilijua, lakini kwa Zollo tulikuwa tunaingiwa na wasiwasi.

Gazeti lenyewe liliitwa African Film, la kampuni ya Drum ya Jim Bailey wa Afrika Kusini. Halikuwa la michoro. Zilikuwa picha za kamera, zimepangwa kisanduku baada ya kisanduku kama katuni, na maneno ya wahusika yamechapwa humo humo. Kiingereza chake kilitushinda. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetusomea kwa Kiswahili, na naamini nusu ya mazungumzo aliyatunga mwenyewe, kwa sababu nilipoweza kusoma peke yangu nilikuta Spear wa gazetini si mcheshi kama yule wa kaka. Nakala moja ilizunguka mtaa mzima, ikarudi haina jalada, imeshonwa kwa uzi.

Tulibishana sana: Spear anakaa Nairobi au Lagos? Hakuna aliyeuliza nani anampiga picha, au nani anatunga zile njama za Zollo. Nakala zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na jina la stelingi kwa herufi kubwa. Mtunzi, mpiga picha, hata huyo aliyevaa kofia, hawakuwamo.

Nilikuwa mtu mzima nilipopata kujua kwamba aliyemwigiza Spear alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano kwenye vilabu vya usiku kabla ya kupewa nafasi hiyo. Tangu hapo siwezi kuzitazama picha zile kwa macho ya zamani. Gazetini, Mwafrika anaendesha gari la kifahari, anakunywa wiski mahali anapotaka, na mkuu wa polisi anamsubiri yeye ndipo kesi isonge. Nje ya gazeti, katika nchi aliyotoka mwigizaji huyo, ngozi yake ndiyo iliyoamua akae benchi gani na alale mtaa gani. Sisi huku tuliiona nchi ile ya Spear ikiwa ya kweli kabisa.

Miaka ya 1970 Spear alitoweka vibandani. Hapa kwetu Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alitoa Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza nikasoma upelelezi wa picha huku nikimjua mwenye kazi. Kisha likaja Sani, gazeti la katuni, na hilo lilimaliza ubishi: jina lenyewe lilitokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Waanzilishi walijiandika hadi juu ya jalada! Nililipenda kwa hilo tu, kabla hata sijamcheka Madenge wa katuni zake.

Wamarekani nao hawakuwa wema zaidi kwa watunzi na wachoraji wao. Batman alitokea katika Detective Comics mwaka 1939 akiwa na jina la Bob Kane peke yake. Bill Finger, aliyeandika hadithi ile ya kwanza na kumshauri Kane hata mavazi ya shujaa, alifariki mwaka 1974, na ilipofika 2015 ndipo kampuni inayomchapisha Batman ilipokubali kumtaja rasmi. Dick Sprang alimchora Batman miaka na miaka bila jina lake kuchapwa. Hata hivyo Sprang alikuwa na bahati moja: mchoro una mkono wa mwenyewe. Mashabiki waliotazama kwa makini taya, kivuli na namna ya kuchora mji walianza kusema, huyu ni yule yule, wakatafuta mpaka wakampata.

Picha ya kamera haisaidii hivyo. Mpiga picha aliyelala chini ili Stingray ionekane inakuja kasi hakuacha mkono wa kutambulika, wala aliyeandika vitisho vya Zollo. Hao watajulikana kwa ushahidi wa watu tu. Kwa hiyo, msomaji, kama una mzee nyumbani aliyewahi kusimama mbele ya kamera ya hadithi za picha, au kuziandikia maneno, muulize sasa majina ya aliofanya nao kazi, kisha uyaandike pamoja na jina la gazeti na mwaka.