Usifute "nakala" kwenye folda ya MAME

Haya wasomaji, leo tuache kidogo habari za kuandika programu, tuzungumzie folda. Folda ya MAME hasa, maana sijaona mkusanyiko wa mafaili unaowachanganya watu kama huu.

Kwa wasioijua, MAME ni emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta yako ijifanye mashine nyingine. Nicola Salmoria wa Italia aliitoa mara ya kwanza Februari 1997. Inaiga zile mashine kubwa za michezo za kutumbukiza sarafu. Ndani ya mashine hizo mchezo haukuwa faili moja. Uligawanywa katika chipu kadhaa kwenye bodi. Watu wakasoma kila chipu, na kila chipu ikawa faili. Kwa hiyo ukifungua pacman.zip utakuta kitu kama pacman.6e. Hiyo 6e ni mahali chipu ilipokaa kwenye bodi.

Juzi jamaa yangu alitaka kupunguza mzigo kwenye diski yake. Akaona puckman.zip na pacman.zip. "Si ni mchezo mmoja huu? Tufute moja." Nikamwambia ngoja kwanza ndugu yangu!

Namco waliutoa mchezo huo Japani mwaka 1980 kwa jina la Puck Man, Midway wakauuza Marekani kama Pac-Man. Kwa MAME, puckman ni mzazi na pacman ni mtoto. Watu wengi hupanga mafaili kwa mtindo ambao zip ya mtoto hubeba zile chipu tu zilizo tofauti na za mzazi. Chipu za rangi na sauti, ambazo ni zilezile, hubaki kwa mzazi. Ukimfuta puckman, pacman hafunguki. Vivyo hivyo neogeo.zip: si mchezo, lakini bila hiyo Metal Slug haichezeki. Tena usibadilishe majina. Kof97.zip ukiiita "King of Fighters mpya.zip", MAME haitaitafuta huko.

Ukitaka kubaki na michezo michache tu, tumia clrmamepro au RomVault uijenge upya kila zip ikiwa na chipu zake zote, mzazi asitegemewe. Itakula nafasi zaidi, lakini baada ya hapo unafuta bila hofu (neogeo.zip iache ilipo). Programu hizi haziamini jina la faili. Zinapiga hesabu ya CRC na SHA-1 juu ya yaliyomo, kisha zinalinganisha na orodha ya MAME. Baiti moja ikibadilika, hesabu inakataa.

Halafu kuna lile lalamiko la kila siku: "Jana ilicheza, leo nimeweka MAME mpya inasema faili haipo." Chukua bodi za CPS-2 za Capcom, zilizoanza na Super Street Fighter II mwaka 1993. Programu yake ilifichwa kwa ufunguo uliotunzwa kwa nguvu ya betri. Betri ikiisha, ufunguo unafutika na bodi inakufa. Mwaka 2007 Salmoria na Andreas Naive walifumbua namna ufichaji ule ulivyofanya kazi, na baadaye ufunguo wa kila mchezo ukawekwa kama faili lake ndani ya zip. Baiti 20 tu! Aliyekuwa na zip ya zamani akaambiwa haijakamilika, naye akadhani MAME imeharibika. Kwangu mimi zile baiti 20 ndizo mali kuliko zote kwenye folda, kwa sababu betri za bodi zenyewe zinaendelea kufa.

Kwa hiyo orodha lazima ilingane na toleo unalotumia. Itoe kwenye MAME yenyewe:

mame -listxml > orodha.xml

Kisha kagua mchezo mmoja mmoja:

mame -verifyroms pacman

Kukusanya vyote ni kujitesa bure. Wenye maelfu ya zip huwa wanacheza minne, na nusu ya zilizobaki ni mahjong ya Kijapani. Kumbuka pia mingi ya michezo hii bado ina wenyewe. Ukitaka kujifunza kupanga bila wasiwasi, anza na Robby Roto na Gridlee. Wenyewe wameruhusu, na zinapatikana kwenye tovuti ya MAME kwa matumizi yasiyo ya biashara.