Barabara inayoanzia Mlolongo

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu tuzungumzie barabara. Usikimbie. Humu ndani mna foleni, na foleni ni mambo yetu.

Nairobi Expressway ina urefu wa kilomita 27. Inaanzia Mlolongo, inafuata Mombasa Road kupitia Syokimau, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa JKIA, Eastern Bypass na Southern Bypass, halafu inapita juu ya Uhuru Highway hadi Museum Hill na Westlands, na kushuka Waiyaki Way karibu na James Gichuru Road. Mwanzoni inapita chini, katikati ya Mombasa Road. Ikikaribia mji inapanda kwenye nguzo. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa gharama inayotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 88. Mchina ndiye aliyetafuta pesa, naye anazirudisha kwa kututoza ada kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi serikali. Magari yaliruhusiwa kwa majaribio Mei 2022, na Julai mwaka huohuo ikazinduliwa rasmi.

Lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko nguzo hizo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na ilipoendelea kuelekea Kisumu ilipita pale palipo Uhuru Highway leo. Baadaye reli ikahamishiwa upande wa Kibera, na wakoloni wakaweka barabara kwenye nafasi ileile, wakaipa jina la Princess Elizabeth. Baada ya 1963 ikawa Uhuru Highway. Sasa imewekewa nyingine juu yake. Waandishi wa programu tunaijua sana tabia hii: mfumo wa zamani hauguswi, unaongezewa tabaka, kisha tabaka jingine. Kazi inaendelea, ila kila kitu bado kinapita kwenye mlango uleule mmoja.

Hata kuna mahali ambapo mpango ulikutana na kitu kisichong'oleka. Pale Westlands, kando ya Waiyaki Way, kuna mti wa mugumo wenye umri unaosemekana kupita miaka 100. Ulikuwa ung'olewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Barabara ya mabilioni ikaupisha mti mmoja! Mimi hilo lilinifurahisha kuliko uzinduzi.

Sasa foleni. Mlolongo, kama jina lenyewe linavyosema, inasemekana ulipewa jina hilo kwa sababu ya malori yaliyojipanga kwenye mizani. Barabara ya kuondoa foleni ikaanzia hapohapo. Fanya hesabu nami. Mwendo unaoruhusiwa juu ni kilomita 80 kwa saa, kwa hivyo kilomita 27 ni dakika 20 hivi. Njia moja iliyo wazi inaweza kupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Tuseme dereva anayelipa pesa taslimu na kungoja chenji anachukua sekunde 15 dirishani: dirisha moja linapitisha magari 240 kwa saa. Basi njia moja inahitaji madirisha manane au tisa, la sivyo foleni haijaisha, imehamia kwenye malipo. Ndiyo maana kuna kile kifaa cha kubandika kwenye kioo, kinachokatwa pesa gari likiendelea kutembea. Ukishapita hapo unashuka Waiyaki Way na kuikuta jam yenyewe, ambayo haina kifaa.

Hilo linaweza kurekebishwa. Linalonisumbua mimi ni walio chini. Bodaboda, tuktuk, mikokoteni na waendao kwa miguu hawaruhusiwi juu. Matatu inayookota abiria Bellevue na Nyayo haina kazi kule, kwa kuwa hakuna steji. Ada ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ilikuwa shilingi 360 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikapanda hadi 500. Mtu wa kibarua halipi hiyo kwenda kazini. Na Julai 2023, katika maandamano ya kupinga gharama ya maisha, kituo cha malipo cha Mlolongo ndicho kilichovamiwa na kuharibiwa. Siungi mkono uharibifu, lakini sikushangaa kwamba walikivamia.

Kila mara barabara hii ikitajwa tunaambiwa ni magari mangapi yamepita. Mimi ningehesabu watu. Gari dogo likipita na dereva peke yake ni mmoja. Matatu ya abiria 33 iliyokwama chini ya nguzo ni watu 34 pamoja na dereva, na kondakta akiwa mlangoni, 35.