Kazi Inapouhama Mji

Ndugu msomaji, ukitaka kuujua mji wa viwanda, usiridhike kuzunguka katikati yake. Fuata barabara zake kuu hadi mipakani, kwa maana huko ndiko kesho yake inakoonekana. Basi twende pamoja Kibaha na Kisarawe, majirani wawili wa Dar es Salaam walioko Mkoa wa Pwani.

Tuanzie Ubungo. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya Dar es Salaam vilijipanga Chang'ombe, kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere, na hapa Ubungo, ambako Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Manzese jirani ikafurika watu, kwani mfanyakazi aliweza kwenda zamu kwa miguu. Kazi na makazi vilikuwa kinu na mchi.

Lakini mji ukapanuka, na ardhi ya katikati ikapanda bei. Penye duka na ofisi pana faida kubwa kuliko penye mashine na ghala. Hata mabasi ya mikoani yaliondoka Ubungo mwaka 2021 kwenda Mbezi, na katika uwanja wa stendi ya zamani kikajengwa kituo kikubwa cha biashara. Ubungo haikukosa kazi. Ilibadili aina ya kazi.

Sasa tushike Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilometa arobaini, tufike Kibaha. Zamani mji huu ulisifika kwa Shirika la Elimu, lililoanza kwa msaada wa nchi za Nordiki, na kwa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania. Mwaka 2015 kilifunguliwa hapa kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kwa utaalamu wa Kuba. Mbele zaidi, Kwala, bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025, kando ya reli. Shehena ikifika huko kwa treni, mwenye kiwanda ana sababu gani ya kung'ang'ania foleni za mjini?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa miongo mingi mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, umekuwa ukisukuma maji kwenda Dar es Salaam. Yaani Kibaha ilivinywesha viwanda vya mji. Leo viwanda vinayafuata maji kwao.

Kisarawe tutaifikia kwa njia nyingine: Barabara ya Nyerere, kupita Gongo la Mboto, kisha kupanda vilima vya Pugu vyenye msitu na udongo mweupe wa kaolini. Hapa ni kwa Wazaramo, nchi ya mihogo na mikorosho. Maji yalikuwa kilio cha siku nyingi, hadi mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba. Eneo la Visegese limetengwa kwa viwanda, na shamba lililopimwa kwa hatua za miguu sasa hupimwa kwa vigingi.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuzungumza nyumbani, msomaji. Kiwanda huhama kwa malori machache. Familia haihami hivyo. Mama aliyejenga chumba kimoja kimoja Manzese hawezi kukibeba kichwani hadi Zegereni. Ataamka alfajiri, atalipa nauli mara mbili, na watoto watalala kabla hajarudi. Naye mkulima wa Kisarawe akiuza shamba lote, fedha itakwisha, na kijana wake asiye na ufundi atabaki kuwa mlinzi wa geti palipokuwa na mikorosho ya babu yake.

Kwa hiyo wanaopima viwanja vya viwanda hawana budi kupima papo hapo viwanja vya nyumba, shule, zahanati na vyuo vya ufundi. Nawe mzazi wa Kibaha au Kisarawe, kabla ya kutia sahihi ya kuuza ardhi, uliza kwanza mwanao atajifunza kazi gani. Kazi imekuja mlangoni. Heri ikute mwenyeji yuko tayari kuipokea.